Kitabu kipi kwanza? Wanawake walioandika juu ya mwili, kiwewe na maradhi ya akili

Anayetafuta kitabu cha mwanamke kuhusu mwili, kiwewe au maradhi ya akili hupewa orodha, na orodha hizo hupangwa kwa umaarufu: kilichouzwa sana hukaa juu. Kwa riwaya za mapenzi au za upelelezi utaratibu huo haumdhuru mtu. Kwa vitabu hivi unaweza kumdhuru. Kurasa zilizomfungua mmoja kinywa zinaweza kumrudisha mwenzake kwenye usiku ambao ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuupa kisogo. Ndiyo maana nimeviweka viwili viwili, na swali langu kwa kila jozi ni moja: kipi kinamfaa nani, na akiwa katika hali gani? Ubora wa kifasihi nitautaja pale tu unapobadilisha uamuzi.

Vyote viliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake hakilingani kwa ugumu. Kwa wengi wetu hilo si jambo dogo, kwa hiyo nitaligusa inapobidi.

Hunger au Wasted

Hunger ya Roxane Gay (2017) na Wasted ya Marya Hornbacher (1998) huwekwa pamoja kwa sababu zote mbili ni tawasifu za wanawake wa Marekani waliogombana na chakula. Zaidi ya hapo hazifanani.

Gay alizaliwa mwaka 1974 Nebraska, kwa wazazi waliohamia kutoka Haiti. Akiwa na miaka 12 alibakwa na kundi la wavulana katika kibanda msituni, na aliyempeleka huko alikuwa mvulana aliyemwamini. Akarudi nyumbani asimwambie mtu. Baadaye akaanza kula, na kula kwake kulikuwa na hesabu ya mtoto aliyeogopa: mwili mkubwa hautatamaniwa, na usiotamaniwa hautaguswa tena. Kitabu kina sura fupi 88, na mapema kabisa anamwonya msomaji kwamba hii si hadithi ya ushindi. Jaladani hutamwona amesimama ndani ya mguu mmoja wa jinzi yake ya zamani akitabasamu.

Onyo hilo ndilo linalokipa kitabu thamani machoni pangu. Kwetu mwili wa mwanamke ni sehemu ya salamu. "Umenenepa, mambo yamekunyookea!" anasema shangazi mlangoni. Mwaka unaofuata: "Mbona umekonda hivi, unaumwa?" Hakuna anayeuliza chakula kinamfanyia nini huyu mtu, kinamkinga na nini. Gay anajibu swali hilo ambalo halijaulizwa. Anaeleza viti vyenye mikono vinavyomwachia michubuko mapajani, tiketi mbili anazonunua ili apate nafasi ya kukaa kwenye ndege, picha za mgahawa anazozipekua kabla ya kwenda ili ajue viti vyake vikoje. Anaeleza jukwaa moja mjini New York lisilo na ngazi, ambako waandishi wenzake walipanda kwa wepesi, na yeye akahangaika mbele ya ukumbi mzima. Aliyesoma kurasa hizo hatamtania tena mtu mnene kwenye daladala kwamba alipe nauli ya watu wawili.

Kuna sehemu nyingine ambayo sijaona mfano wake. Miaka mingi baada ya tukio, Gay anamtafuta yule mvulana kwenye intaneti, anapata namba yake ya kazini, anapiga. Mwanamume anapokea na kusema haloo. Gay ananyamaza. Hakuna kesi, hakuna kuombwa msamaha. Aliyedhulumiwa na mtu wa karibu, ambaye leo anaheshimiwa mtaani, atauelewa ukimya ule bila kufafanuliwa.

Hornbacher naye aliandika akiwa na miaka 23 tu, na kwa ufundi wa sentensi nadhani anamzidi Gay. Anaonyesha jinsi kujinyima chakula na kujitapisha kunavyojivika sauti ya busara kichwani, na jinsi mgonjwa anavyojifunza kuwadanganya madaktari, wazazi na yeye mwenyewe. Ila kitabu chake kimejaa namba za uzito, namba za kalori, na mbinu za kuficha. Msomaji mgonjwa anaweza kuzigeuza shabaha. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kama wewe mwenyewe unajinyima au unajitapisha sasa hivi, Wasted si chako kwa leo. Mpe mama yako, au mwalimu wa malezi shuleni, au muuguzi. Mikononi mwao kitafanya kazi kubwa, maana watajua wanachodanganywa.

Hunger ninampendekezea aliyeumizwa zamani na anayeuchukia mwili wake bila kujua chuki hiyo ilianzia wapi. Mwenye jeraha bichi asubiri, kwa sababu habari ya ubakaji inasimuliwa bila pazia. Lugha ni nyepesi. Aliyemaliza sekondari atasoma bila kamusi.

Nervous Conditions au A Question of Power

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hivi viwili ndivyo vilivyo karibu nasi kuliko vyote.

Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe alichapisha Nervous Conditions mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa ukanda wa Afrika. Vyuoni husomwa kama riwaya ya ukoloni na elimu ya mtoto wa kike, na hivyo ndivyo ilivyo. Tambu, binti wa kijijini huko Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa zamani, anapata nafasi ya kusoma kwa sababu kaka yake amefariki, na simulizi lake linaanza kwa kukiri kwamba kifo hicho hakikumsikitisha. Lakini anayesoma kwa ajili ya afya ya akili amtazame zaidi binamu yake, Nyasha.

Nyasha amelelewa kwa miaka kadhaa Uingereza. Amerudi, Kishona kimempotea, wasichana wenzake shuleni wanamwona anajidai. Baba yake, ambaye Tambu anamwita Babamukuru, ni mwalimu mkuu wa shule ya misheni na ndiye nguzo ya ukoo mzima: yeye anasomesha, yeye analisha, yeye anaamua. Anataka binti mtiifu. Vita yao inapiganwa mezani. Baba anaamuru sahani imalizwe, binti anameza kila kitu haraka haraka, halafu anakwenda bafuni kukitapika. Anasoma hadi usiku wa manane, anakonda, na hesabu alizokuwa akizimudu hazitoki tena. Usiku mmoja anachanachana kitabu cha historia kwa meno, akipiga kelele kwamba ni uongo wao.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya niiweke riwaya hii mbele ya tawasifu zote za kimagharibi kuhusu ulaji. Familia inampeleka mjini kwa daktari wa akili, Mzungu. Daktari anasema binti hawezi kuwa mgonjwa, Waafrika hawaugui namna hiyo, anajifanya tu. Wamrudishe nyumbani na wawe wakali naye. Hukumu hiyo haikuishia Rhodesia. Leo tunaitamka sisi wenyewe, kwenye vikao vya familia na hata kwenye vyumba vya walimu: hayo ni magonjwa ya Wazungu, mtoto wetu ana kiburi. Dangarembga alikuwa amesoma udaktari Cambridge kwa muda, kisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe, na alijua vizuri mlango gani anaupiga.

Hampi msomaji mkosaji mmoja wa kumlaumu. Yupo baba anayependa kwa kuamrisha. Yupo mama, Maiguru, mwenye shahada ya uzamili ambayo wakwe hawajui hata kama anayo. Ipo shule inayomfundisha mtoto kujidharau. Mama yake Tambu, ambaye hakusoma, ana jibu lake: ni Uzungu huo ndio unaowaua watoto. Huwezi kumkubalia moja kwa moja, wala huwezi kumpuuza.

Bessie Head yuko upande mwingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ambako mama yake, mwanamke Mzungu, alikuwa amelazwa. Baba yake alikuwa mtu Mweusi, na katika nchi ile mtoto wa namna hiyo hakuwa na mahali pa kuhesabiwa. Mwaka 1964 aliondoka kwa kibali kisichomruhusu kurudi, akahamia Serowe, Botswana. A Question of Power (1973) imeitwa riwaya, lakini Elizabeth, mhusika wake, amepewa karibu maisha yote ya Head: kuzaliwa kwake, uhamisho wake, mtoto wake wa kiume, kuugua kwake.

Usiku wanaume wawili, Sello na Dan, wanamjia Elizabeth na kumtesa kwa maono, matusi na aibu. Mchana anakwenda kwenye bustani ya mboga ya ushirika pamoja na Kenosi, mwanamke wa pale kijijini asiye na maneno mengi. Mpaka kati ya usiku ule na mchana huu haueleweki, na Head hakusaidii kuuona. Utakuwa ukurasa wa 40 bado unajiuliza nani ni mtu na nani ni kivuli. Kiingereza chenyewe kinasomeka, ila mfuatano wa mambo ndio unaochosha. Wapo wasomaji hodari waliokiacha njiani, na siwalaumu.

Kwa nini basi nakiweka hapa? Kwa ajili ya bustani ile. Kabeji, nyanya, matunda madogo ya manjano yanayopikwa jemu na kuuzwa kijijini. Kenosi hamuulizi Elizabeth maswali, hamwombei, hamwepuki. Anafika asubuhi kwa sababu kuna kazi. Wagonjwa wengi kwetu hupata mambo mawili tu, kuogopwa au kuhurumiwa, na Head anaonyesha kitu cha tatu: kuhitajika. Sijasoma maelezo bora zaidi ya namna jirani anavyoweza kumsaidia mtu aliyechanganyikiwa bila kujifanya daktari.

Kati ya hivi viwili, anza na Dangarembga. Hata kama hujawahi kuugua chochote, utamkuta mtu wa nyumbani kwenu humo. Head msomee baadaye, ukiwa umetulia. Aliyekwisha kupita kwenye kusikia sauti na kuona visivyoonekana, na sasa yuko imara, huenda akamwelewa Head haraka kuliko mwalimu wa fasihi. Aliye katikati ya hali hiyo asipewe kitabu hiki, apelekwe kliniki.

Nervous Conditions ikikushika, ina ndugu wawili: The Book of Not (2006) na This Mournable Body (2018), iliyofika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 2020. Katika hiki cha mwisho Tambu amekuwa mtu mzima, kazi hana, na anayevunjika sasa ni yeye. Kimeandikwa kwa nafsi ya pili, "wewe", tangu mwanzo hadi mwisho, na mwanamke aliyesoma sana akakwama atahisi anatajwa kwa jina.

An Unquiet Mind au The Bell Jar

Sylvia Plath, mwandishi wa The Bell Jar, anajulikana zaidi, kwa hiyo wengi huanza naye. Mimi ningeanza na Kay Redfield Jamison.

Jamison ni mwanasaikolojia, profesa wa tiba ya akili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alishiriki kuandika kitabu kikubwa cha kitaaluma kuhusu ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ule ambao siku hizi watu huuita baipola, na kumbe alikuwa akiugua huo huo. An Unquiet Mind (1995) ndipo alipoamua kusema hadharani, akijua anahatarisha jina na leseni yake. Sehemu ninayowasisitizia watu waisome ni ile ya madeni. Katika kipindi cha kupanda, alinunua vitu bila breki, vikiwemo vifaa vya kutibia sumu ya nyoka ambavyo hakuwa na haja navyo. Alipotulia, kaka yake alisafiri kuja kwake, wakazitandaza stakabadhi sakafuni, na kaka akachukua mkopo ili amsaidie kulipa. Mkisoma hapo kama familia, mtamtazama kwa jicho jingine yule ndugu mliyesema ni mfujaji.

Anaeleza pia vita yake na dawa ya lithiamu. Ilimwokoa, na ilimnyima kusoma vitabu kwa miaka, kwa hiyo kila alipojisikia nafuu aliiacha, na kila alipoiacha aliporomoka. Mara moja alijaribu kujiua. Msimamo wake wa mwisho ni kwamba anahitaji vyote viwili, kidonge na mazungumzo na mtaalamu, kwa kuwa kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Hapa kwetu, ambako jina la hospitali ya akili, Mirembe au Mathari, likitajwa mtu hutafuta pa kujificha, na ambako mgonjwa akilala vizuri wiki mbili huambiwa amepona na dawa azitupe, kitabu hiki kinastahili kukaa kwenye kila familia yenye mgonjwa. Udhaifu wake ni kwamba Jamison alikuwa na mshahara, marafiki madaktari na daktari wa kumwona kila wiki. Maisha hayo si ya wengi, na mara nyingine anaandika kana kwamba ni ya kila mtu.

The Bell Jar ilitoka London Januari 1963 kwa jina la kubuni, Victoria Lucas. Mwezi uliofuata, Februari, Plath alijiua. Esther Greenwood, msichana hodari masomoni, yuko New York kwa mwezi mmoja kwenye jarida la mitindo, na kila kitu alichoambiwa akitamani kinamwia kitupu. Kwa kueleza sonona inavyoingia polepole, bila msiba wowote wa kuielezea, kitabu hiki kina nguvu isiyopingika. Ila kina mambo mawili ya kujua mapema. Kinaeleza njia za kujiua kwa undani mno, hivyo aliye na mawazo hayo asikisome, na tafadhali azungumze na mtu leo. Pili, hospitalini Esther anampiga teke mhudumu Mweusi, na mwandishi hamkemei. Msomaji Mwafrika atakutana na teke hilo akiwa peke yake, kwa hiyo ni vizuri alijue.

Jamison alibaki hai akaandika. Hilo lina uzito kwangu, hasa kwa kuwa katika eneo letu aliyejaribu kujiua ametendewa kwa muda mrefu kama mhalifu. Kenya, ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha kumwadhibu mtu huyo kinapingana na Katiba.

Ukimya wa mtoto: Maya Angelou na Clemantine Wamariya

I Know Why the Caged Bird Sings (1969) sihitaji kukisifu. Angelou alibakwa na mpenzi wa mama yake akiwa na miaka minane. Alimtaja, mtu yule akauawa, na mtoto akaamini sauti yake ndiyo iliyoua. Akanyamaza karibu miaka mitano. Aliyemrudisha kwenye kusema ni mama mmoja wa mji mdogo wa Stamps, Arkansas, Bi. Flowers, kwa biskuti, maji ya limau na kusomewa vitabu kwa sauti. Kwa msichana wa miaka 15 na kuendelea, akiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye, hiki ndicho salama kuliko vyote vilivyo hapa. Ubakaji umo, lakini umezungukwa na bibi, kanisa, kaka mpendwa na kicheko.

The Girl Who Smiled Beads (2018), ambacho Wamariya aliandika pamoja na Elizabeth Weil, hakina faraja hiyo. Mwaka 1994, akiwa na miaka sita, alikimbia Rwanda pamoja na dada yake Claire wa miaka 15. Miaka sita walizunguka nchi saba za Afrika, wakipita Burundi, Zaire na kambi za Tanzania, hadi walipofika Chicago mwaka 2000. Mwaka 2006 walikutanishwa na wazazi wao kwenye kipindi cha Oprah Winfrey, mbele ya kamera. Kitabu kinasimulia kilichobaki baada ya makofi: wazazi na watoto wasiojua waambiane nini, hasira isiyopoa, Claire aliyelazimika kuwa mama kabla ya wakati na hakupata muda wa kulia. Wamariya hataki kuwa mfano wa ujasiri kwa ajili ya kumpa msomaji moyo. Sura zinarukaruka kati ya ukimbizini na Marekani, jambo linalosumbua mwanzoni, lakini kumbukumbu yake ndivyo ilivyovunjika.

Kwa msomaji wa Kigoma, Bujumbura, Uvira au Kigali, au kwa yeyote aliyewahi kuishi karibu na kambi, namweka Wamariya mbele ya Angelou. Atazitambua njia hizo, na huenda akamtambua mtoto aliyewahi kupita mlangoni kwao akiomba maji.

Kimoja cha peke yake

The Cancer Journals ya Audre Lorde (1980) sijakipatia mwenza. Lorde, mshairi Mweusi wa New York, alikatwa titi mwaka 1978 kwa sababu ya saratani. Bado yuko hospitalini, akajiwa na mwanamke wa kujitolea mwenye nia njema, akamletea titi la bandia la rangi ya waridi iliyofifia, isiyohusiana kabisa na ngozi yake. Alipokwenda kliniki bila kulivaa, muuguzi akamwambia kwamba kuja hivyo kunawavunja moyo wagonjwa wengine. Lorde akauliza: mbona jenerali wa Israel, Moshe Dayan, anavaa kitambaa jichoni na hakuna anayemwambia aweke jicho la kioo?

Swali lake ni la haki. Wanawake wengi kwetu hutoka kwenye upasuaji huo wakifundishwa namna ya kujaza sidiria kabla hawajaulizwa wanajisikiaje, na wengine huogopa mume kuliko ugonjwa. Lorde halaumu anayevaa titi la bandia. Anachokataa ni kulazimishwa kujifanya hakuna kilichotokea. Kuna kurasa nzito za kishairi ambazo zinaweza kumchosha aliye kwenye dawa. Ukimpelekea mgonjwa wodini, mwekee alama kwenye insha ya mwisho, ile inayohusu titi la bandia. Inajisimamia yenyewe hata kama hatasoma nyingine, na kitabu kizima ni chembamba, kinaenea mkobani pamoja na uji.